Nilifundisha Maji Safi, Nikawapa Majirani Maji ya Ziwa

Wapapa na wamama, vijana, asante kwa kunisikiliza. Muongozi wa kikundi chetu hapa kanisani aliniuliza juma lililopita kama nitasema kwa kifupi, nikamwambia nitajaribu. Lakini hii habari nimeibeba muda murefu na sijui itatokaje. Nikisimama kidogo katikati, munivumilie. Na mutaona kwamba sitaji jina la mutu yeyote. Jina lenye kupaswa kutajwa hapa ni moja tu, ni langu, na hilo munalijua.

Wengi wenu munaniita Madamu. Nimefundisha miaka kumi na mine, karibu yote mwaka wa tano wa shule ya primere, hapa Keshero, Goma. Nilizaliwa Butembo, nikaolewa hapa, nikazalia hapa. Mutu akiniuliza kazi yangu, nilikuwa najibu nikiinua kichwa.

Halafu shirika moja la musaada likaja shuleni kwetu. Wakajenga vyoo vipya, wakaweka matanki ya kunawia mikono, wakaomba mwalimu mumoja wa kufundisha wanafunzi habari ya maji safi na usafi. Direkta wa shule akanichagua mimi. Nikafanya mafunzo siku tatu, wakanipa jile ya bluu, kile kikoti kisicho na mikono, sanduku la picha kubwa za kuonyesha watoto, na katoni ya vidonge vya klore, dawa ya kusafisha maji. Nikarudi shuleni mutu mwingine.

Sitaki mufikiri lile somo lilikuwa baya. Lilikuwa zuri. Watoto walijifunza kunawa mikono wakitoka chooni, walijifunza kufunika chombo cha maji, wengine walienda kuwafundisha bibi zao. Mimi ndiye niliharibika. Nilianza kusahihisha kila mutu. Wamama wa samaki pale ufukweni niliwasahihisha. Ninyi wenye kupika hapa siku ya sikukuu, niliwasahihisha mbele ya wageni. Naona munacheka, lakini ninajua mulikuwa mumenichoka.

Wakati ule watu wa upande wa Rutshuru walikuwa wanakimbia vita, wanashuka Goma kwa wingi, mahema yakajaa kila mahali. Shule yetu ikapokea watoto wao. Katika darasa langu akaingia musichana wa miaka kumi na moja, wa Kibumba. Wazazi wake walikuwa walimaji wa mboga, shu, yaani kabichi, na poro. Alikuwa mukimya, anakaa benchi la tatu, na kwa hesabu hakuna mutoto aliyemupita.

Siku moja direkta akasema wageni wa shirika watakuja kuangalia somo langu na kupiga picha. Nikataka kitu cha kuwafurahisha. Nikawaambia wanafunzi kila mumoja alete chupa ndogo ya maji kutoka kwao, aandike jina lake juu. Nikazipanga zote mezani, wageni wameketi nyuma, kamera imewashwa. Chupa nyingi zilikuwa safi, kwa sababu wazazi walijua kuna wageni. Moja ilikuwa na maji ya rangi ya uji mwepesi, na chini vumbi jeusi limetulia. Jina niliweza kulisoma. Hata hivyo niliinua ile chupa juu nikauliza ni ya nani.

Yule musichana akasimama.

Nikauliza, kwa sauti ya kuchezea, kama maji haya kwao ni ya kufulia. Akanijibu, polepole sana, "Hapana, Madamu. Hiyo ni ya kunywa. Ya kufulia ni ingine."

Darasa lote likacheka. Ndugu zangu, nawaambia, pale ndipo mwalimu anapaswa kuweka chupa chini na kufunga mudomo. Mimi niliwatazama wageni, nikaona wanatabasamu, kwa maana Kiswahili hawakukisikia vizuri. Na mimi nikatabasamu. Nikamwambia yule mutoto, "Basi ukifika nyumbani, mwambie mama yako kwamba anawaua."

Hakulia. Alikaa. Somo lilipokwisha alikuja mezani, akachukua chupa yake, akaitia mufukoni, akaenda. Kesho yake nikasikia wenzake wanamwita Ya-Kufulia. Nilisikia kwa masikio yangu na sikukataza. Siku ya tatu hakuja tena.

Direkta aliniuliza, baada ya majuma mawili, yule mutoto yuko wapi. Nikasema watu wa kambi wanahamahama, nani anaweza kuwafuata. Kambi yao ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Sikuenda. Nilichukua rejista nikaandika mbele ya jina lake: ameacha masomo kwa kutaka kwake. Halafu nikaendelea na somo la siku ile, ambalo lilikuwa juu ya kuhara.

Sasa nasogea mbele. Munakumbuka zile siku vita vilipoingia katika muji. Tulilala chini, hakuna aliyetoka. Risasi zilipopunguka tukakuta hakuna umeme, na robine zote za maji zimekauka. Keshero nzima ikashuka ziwani na bidoni, yale madumu ya maji, na sisi pia. Hamukuona vile maji yalivyokuwa? Mutu anachota hapa, pembeni mwingine anafua, mwingine ameingia mpaka kiunoni. Hapakuwa na namna ingine.

Katika parseli yetu, kiwanja kimoja, tuko nyumba tano. Mimi nilikuwa na pipa kubwa, na nyumbani nilikuwa nimehifadhi mabaki ya vile vidonge vya klore. Siku ya kwanza tulijaza pipa, nikaweka dawa sawasawa, nikafunika, nikangoja. Majirani waliona. Wakaanza kuja mumoja mumoja na besheni, na sufuria. Nilisikia mama mumoja anamwambia mwenzake, "Kwa Madamu maji iko na dawa." Nilifurahi sana kusikia vile.

Siku ya pili vidonge vilikwisha. Makala ya kuwashia moto hayakuwa yanaingia muji, yale machache tuliyokuwa nayo tulipikia maharagi. Pipa tulilijaza tena kwa maji ya ziwa vile vile yalivyo. Jirani wa kwanza alipokuja aliuliza, "Madamu, iko na dawa?"

Nikasema, "Iko. Chukua."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nusu ya Goma haikuwa na dawa siku ile. Kama ningesema imekwisha, hakuna ambaye angenilaumu. Angerudi kwake, labda angetafuta vijiti vitatu achemshe. Lakini mimi nilikuwa mwenye somo, mimi ndiye niliwaonyesha wengine kidole. Niliona haya kusema sina. Kwa hiyo siku nne watu walikunywa maji ya ziwa wakiamini ni maji ya Madamu. Wengine wao wameketi hapa mbele yangu, na ninaona vigumu kuwatazama.

Siku ya tano asubuhi, mutoto wangu wa mwisho, wa miaka mine, akaanza kuhara. Mara tatu kabla jua halijapanda, na ilikuwa maji matupu, meupe kama maji ya kuoshea muchele. Sikuhitaji mutu wa kunieleza. Ile picha ya kolera ilikuwa katika sanduku langu. Nikamutengenezea maji ya chumvi na sukari, na hata yale nilitengeneza kwa maji ya pipa. Angalieni mutu aliyechanganyikiwa. Saa sita macho yake yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Papa wa watoto akamubeba mugongoni, tukaenda kwa miguu mpaka kwenye mahema ya wagonjwa wa kolera.

Wakamupokea, wakamulaza kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini, wakamutundikia serumu, ile maji ya kuingia katika mushipa. Munganga akaja na karatasi. Akaniuliza tunakunywa maji gani nyumbani. Nikajibu, "Ya dawa." Akauliza dawa gani, na namna gani. Nikamweleza yote, kidonge kimoja kwa bidoni, unafunika, unangoja nusu saa. Nilieleza vizuri kuliko yeye. Akauliza kama kuna watu wengine wanachota kwenye maji yetu. Nikasema hapana.

Akaandika, akasema basi maradhi hayakutoka kwetu, akaenda kwa mugonjwa mwingine.

Pale karibu kulikuwa mama mumoja wa usafi, na buti za plastiki na glavu, anapangusa chini kwa maji ya klore. Alisikia. Mimi sikumutazama. Yeye ndiye alikuwa anachukua ndoo ya mutoto wangu, anaenda kuimwaga, anaiosha, anairudisha. Alifanya hivyo muchana wote. Nilipotaka kutoka nje aliniita nirudi ninawe mikono, kwa sababu mimi, mwalimu wa mikono, nilikuwa nimesahau. Nikamwambia asante mama, bila kuinua macho.

Siku ya pili mutoto alikuwa bado kwenye serumu, lakini alikuwa ameanza kuniita. Yule mama akaja, akaweka ndoo chini ya kitanda, halafu akachuchumaa karibu nami.

"Madamu," akasema, "mutoto anaendelea muzuri kidogo."

Nikamuuliza ananijua wapi. Akanitajia jina la binti yake.

Nawaambia, nilitaka ile ardhi ifunguke. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alianza kunieleza, kwa Kiswahili chake chenye Kinyarwanda ndani, kwamba siku ile binti yake alirudi kambini na chupa, hata mufuko hajautoa mugongoni, akamuuliza mama, ni kweli unatuua? Yale maji ya chupa yalitoka katika bidoni moja waliyokuwa nayo, na mama alikuwa ameyatafuta mbali. Akaenda akamwaga bidoni yote. Walikuwa watu watano katika lile hema, wakashinda na kiu mpaka kesho yake.

Kisha akasema maneno ambayo nayasikia hata sasa. "Dawa tulikuwa tunaijua, Madamu. Kule kambini kulikuwa kituo cha kutia klore ku bidoni. Ilikuwa imekwisha tangu majuma mawili. Hakuna mwenye alituuliza."

Mimi nilikuwa na katoni nzima ya vidonge wakati ule. Ilikuwa chini ya kitanda changu.

Akamutazama mutoto. Halafu akasema, "Jana nilisikia vile ulimujibu munganga. Mimi ndiye ninabeba ndoo ya huyu mutoto, ninajua alikunywa nini. Ku parseli yenu kuko watoto wengine?"

Nikasema, "Kuko."

"Wangapi?"

Nikawahesabu kwa vidole. Walikuwa tisa. Akasimama, akanipa mukono wake wenye glavu, akasema, "Basi inuka."

Sikuinuka mara moja, musifikiri nilikuwa shujaa. Nilikaa pale nikitafuta namna ya kusema nusu. Labda nitasema dawa ilikuwa imekwisha jana tu. Labda nitasema sikujua kama majirani wanachota. Yeye alibaki amesimama, hakuniharakisha, na nikaona kwamba mbele ya huyu mama hakuna uongo mwingine nitakaoweza kutunga. Nikainuka. Nikamukuta munganga, nikamwambia nilikudanganya, maji ni ya ziwa, hayana dawa tangu siku tano, na nyumba nne zingine zinakunywa hayo hayo kwa sababu niliwaambia ni safi.

Hakunigombeza. Aliniuliza mahali tunapokaa, akamwita mwenzake, na papa wa watoto akawaongoza. Saa ile ile walienda. Wakakuta watoto wawili na muzee mumoja tayari wamelala, watu wa nyumbani wanafikiri ni chakula kibaya. Wakawaleta. Pipa wakalimwaga, wakaliosha kwa klore, wakawaachia watu vidonge. Wale watatu wote walipona, na mutoto wangu pia, tunamushukuru Mungu. Lakini munganga aliniambia kuhusu muzee kwamba kama wangengoja kesho yake, wangemuzika. Muzee mwenyewe yuko hapa kati yetu. Alinisamehe kabla sijamaliza kumuomba, na ule musamaha ulikuwa muzito kubeba kuliko matusi.

Wengine hawakunisamehe haraka. Nilipita mulango kwa mulango, nyumba zote nne, nikasema nilichofanya. Mama mumoja alifunga mulango nikiwa bado naongea. Miezi mitatu hakunisalimia, na alikuwa na haki.

Baadaye mahema ya kambi yalivunjwa, na ile familia ikarudi Kibumba. Barabara ilipofunguka nilipanda pikipiki nikawafuata. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Nilimukuta yule musichana shambani anakata shu, amekuwa murefu. Mama yake akatuacha wawili. Nikamwambia nilimukosea, nilimuaibisha mbele ya watu na nilimutukania mama yake, na nilimuona anapotea sikumutafuta. Nilianza kulia. Yeye alisikiliza na kisu mukononi mpaka nikanyamaza.

Kisha akaniuliza, "Madamu, buletini yangu iko wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba shule ya pale ilimurudisha mwaka wa nne, pamoja na watoto wadogo, kwa sababu hakuwa na buletini, ile karatasi ya alama, ya kuonyesha kwamba alifika mwaka wa tano. Papa yake alishuka Goma kuitafuta shuleni kwetu, wakamufungulia rejista, wakamuonyesha: ameacha masomo kwa kutaka kwake. Ule mwandiko ulikuwa wangu.

Mimi nilikuja na machozi, mutoto alihitaji karatasi.

Nikarudi kwa direkta, nikamweleza toka mwanzo. Aliniambia amesikitika sana, akaniondoa kwenye somo la maji kwa mwaka ule wote. Ilistahili. Tukasahihisha rejista, tukatoa buletini yenye alama zake za kweli, nikaipeleka Kibumba mimi mwenyewe. Aliisoma musitari kwa musitari, akaangalia sana pale kwa hesabu, akaikunja. Akasema, "Asante, Madamu," akarudi kwa kazi yake. Walimurudisha mwaka wa tano, na sasa yuko wa sita. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe. Simudai hilo neno. Akilisema siku moja nitafurahi, asiposema hajanikosea.

Mwaka huu direkta amenirudishia somo. Siku ya kwanza niliwaeleza wanafunzi nilivyofanya, yote, bila kuficha. Hawakucheka. Siwaombi tena walete maji kutoka kwao. Ninawauliza nani anachota nyumbani kwao, anaenda umbali gani, na ni nini wanakosa, kama ni dawa, ama makala, ama chombo chenye kifuniko. Wanaandika bila jina. Zile karatasi ninazipeleka kwa watu wa shirika, na mara moja walileta vidonge kwa sababu ya hizo. Mara ingine hawakuleta, na niliwaambia watoto ukweli kwamba hawakuleta.

Ninataka kushukuru. Ninamushukuru yule mama wa buti, aliyebeba uchafu wa mutoto wangu siku mbili akijua mimi ni nani. Aliniruhusu kusema habari hii mbele yenu, akaomba tu nisiwataje. Ninamushukuru munganga aliyekimbia badala ya kunihukumu. Papa wa watoto, ambaye mpaka leo hajanirudishia haya maneno hata tukiwa tumekasirikiana. Muzee wangu. Na wewe mama uliyefunga mulango, nakushukuru pia, kwa sababu ulinifundisha kwamba kusema pole hakumalizi jambo.

Kama kuna fundisho, ni hili dogo. Mutu akija kwako na uhitaji wake, muulize kwanza anakosa nini, kabla hujamufundisha. Na kile usichokuwa nacho, sema huna. Mimi niliona haya kusema neno moja mbele ya jirani, na lile haya lilikaribia kuzika watu.

Nyumba nne niliziomba musamaha mulangoni mwao, lakini mbele ya kanisa sikuwa nimesema. Leo nimesema. Muniombee. Na mukiniona ninaanza tena kusahihisha watu jikoni, munishike mukono munitoe nje.

Ninaketi.